Wasioonekana Jaladani: Watu wa Jarida la Utafiti la Wanafunzi wa Uhandisi

Jarida la utafiti la wanafunzi wa uhandisi ni chapisho la chuo kikuu linalopokea makala za kitafiti kutoka kwa wanafunzi, hasa wa shahada ya kwanza, na kuzipitisha mbele ya wataalamu wanaozikagua, kisha kuzitoa kwa wasomaji zikiwa na jina la mwandishi, tarehe, na mahali pa kudumu katika maktaba. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yanaacha nje jambo ambalo mazungumzo haya yanakusudia kuliweka wazi, nalo ni kwamba jarida la namna hii halisimamishwi na waandishi wake. Mwandishi huleta kazi moja, huihangaikia kwa miezi kadhaa, hupata shahada yake na kuondoka. Wanaobaki ni mhariri, mhakiki, mhadhiri msimamizi, fundi sanifu wa maabara na mkutubi, watu ambao majina yao ama huchapwa kwa herufi ndogo upande wa ndani wa jalada, ama hayachapwi kabisa. Ubora wa jarida hutegemea kazi ya watu hao zaidi ya kipaji cha mwanafunzi yeyote mmoja, na ndiyo maana anayetaka kujua kama jarida litadumu hana budi kuwatazama wao kabla ya kutazama orodha ya makala.

Nafasi ya mhariri wa jarida la kitaaluma ina umri unaoweza kutajwa. Mwaka 1665, mjini London, Henry Oldenburg, aliyekuwa katibu wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, alianza kutoa chapisho lililoitwa Philosophical Transactions, ambalo linaendelea hadi leo. Oldenburg hakuwa mgunduzi wa jambo lolote kubwa la kisayansi; kazi yake ilikuwa kupokea barua za watafiti kutoka pande mbalimbali za Ulaya, kuzichagua, kuzifasiri pale ilipobidi, na kuziweka mbele ya wasomaji kwa mpangilio unaoeleweka. Utaratibu wa kuomba ripoti za maandishi kutoka kwa wataalamu kabla ya kuchapisha ulijengeka baadaye sana, na katika chama hichohicho ulianza kushika mizizi katika miaka ya 1830. Hivyo mhariri alitangulia na mhakiki akafuata, na tangu hapo wawili hao wamekuwa walinzi wa lango la elimu iliyochapishwa.

Wanafunzi nao hawakuchelewa kuingia katika kazi hiyo. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, nchini Marekani, wanafunzi wa uhandisi walikuwa na chapisho lao tangu mwaka 1882, lililokuja kujulikana kama Michigan Technic, na mwaka 1887 wanafunzi wa sheria wa Harvard walianzisha Harvard Law Review, jarida ambalo hadi leo huhaririwa na wanafunzi wenyewe. Hapa kuna tofauti inayostahili kuangaliwa kwa makini. Katika sheria, mwanafunzi ndiye mhariri na profesa ndiye mwandishi anayesahihishwa. Katika uhandisi mpangilio huo hugeuka, kwa kuwa mwanafunzi ndiye mwandishi, na hata pale wanafunzi wenzake wanapokuwa wahariri, uamuzi wa mwisho juu ya usahihi wa hesabu huachiwa mtaalamu aliyekwisha kubobea. Sababu iko wazi: hoja dhaifu ya kisheria inaweza kupingwa kwa hoja nyingine katika toleo linalofuata, lakini kipimo cha boriti kilichokosewa kinaweza kutumika katika jengo ambalo watu watalala ndani yake. Kwa hiyo jarida la wanafunzi wa uhandisi lina wajibu wa aina mbili, wa kumlea mwandishi kijana na wa kumlinda msomaji asiyemfahamu mwandishi huyo, na watu walio nyuma yake huishi na wajibu huo wa aina mbili kila siku ya kazi.

Kabla ya jarida kuwepo lazima pawe na utafiti wa kuchapishwa, na kwa muda mrefu vyuo vikuu vingi havikumtarajia mwanafunzi wa shahada ya kwanza afanye utafiti. Kazi za maabara alizopewa zilikuwa marudio ya majaribio ambayo majibu yake yalijulikana tangu zamani, na alama zilitolewa kwa kulikaribia jibu la kitabu. Mwaka 1957, Edwin Land, mvumbuzi na mwanzilishi wa kampuni ya Polaroid, ambaye mwenyewe aliacha masomo ya Harvard bila kuhitimu, alitoa mhadhara katika chuo cha MIT, Massachusetts, akitetea wazo kwamba kila mwanafunzi apewe tatizo halisi la kulichunguza tangu anapoingia chuoni, chini ya mtu mzoefu wa fani. Wazo hilo lilipata mtekelezaji mwaka 1969, pale Margaret MacVicar, mwanafizikia kijana aliyekuwa amemaliza shahada ya uzamivu hapohapo MIT miaka miwili tu kabla, alipoanzisha mpango unaofahamika kwa kifupi cha UROP, yaani mpango wa fursa za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Kupitia mpango huo mwanafunzi aliweza kufanya kazi katika maabara ya profesa kwa malipo au kwa alama za masomo, akiwa mtafiti mdogo mwenye sehemu yake ya swali. MacVicar alifariki mwaka 1991 akiwa bado na umri mdogo, lakini mpango wake uliigwa na vyuo vingi, na si uongo kusema kwamba majarida ya utafiti ya wanafunzi yaliyofuata yalipata makala za kuchapisha kwa sababu mtu mmoja alikubali kubeba mzigo wa kiutawala ambao kwa kawaida wanasayansi huukwepa.

Mfano mmoja wa jarida lililotokana na mazingira ya namna hiyo ni lile la Chuo Kikuu cha Purdue, katika jimbo la Indiana, chuo kilichoanzishwa mwaka 1869 na kinachojulikana zaidi kwa uhandisi. Jarida hilo, Journal of Purdue Undergraduate Research, lilitoa juzuu yake ya kwanza mwaka 2011. Linapokea kazi za wanafunzi wa shahada ya kwanza wa fani zote za chuo, uhandisi ukiwemo, na linasomwa bure na mtu yeyote. Jambo la kujifunza hapo ni mahali lilipowekwa: jarida liko chini ya kampuni ya uchapishaji ya chuo, na kampuni hiyo iko chini ya maktaba. Maana yake ni kwamba wanafunzi wanaoshiriki katika uhariri na usanifu wa kurasa hupita, lakini wahariri wa kitaalamu na wakutubi wanaowaongoza hubaki, na toleo la mwaka huu linaweza kupatikana na msomaji wa miaka thelathini ijayo kwa sababu kuna idara yenye jukumu rasmi la kulitunza. Majarida yaliyoanzishwa na kikundi cha marafiki wenye ari, bila nyumba ya namna hiyo, hukabiliwa na hatari ya kuondoka chuoni pamoja na waanzilishi wake siku ya mahafali.

Mmoja wa watu wanaofanya kazi kubwa na kutambuliwa kidogo ni mhakiki. Uhakiki wa wenza ni utaratibu wa kuupeleka muswada kwa wataalamu wawili au zaidi wa fani hiyohiyo ili waukague kabla ya kuchapishwa, mara nyingi bila mwandishi kujua majina yao, na kwa kawaida bila malipo yoyote. Ili kuona uzito wa kazi hiyo, na ichukuliwe mada ambayo wanafunzi wa uhandisi wa ujenzi katika nchi zinazolima mpunga huipenda sana, na kwa haki: kutumia majivu ya pumba za mpunga badala ya sehemu ya saruji katika zege. Pumba hizo zina silika nyingi, na majivu yake yanaweza kuwa pozolana, yaani kitu ambacho peke yake hakishikani, lakini kikikutana na chokaa inayotolewa saruji inapoganda ndani ya maji, hutengeneza gundi inayofanana na ile ya saruji yenyewe. Mwanafunzi huondoa asilimia 10 ya saruji, huweka majivu, hufinyanga vipande vya mchemraba vyenye upande wa milimita 150, huviloweka majini, kisha huvivunja kwa mashine siku ya 7 na siku ya 28 ili kujua nguvu ya zege kuhimili mgandamizo, nguvu inayohesabiwa kwa megapaskali, yaani nyutoni kwa kila milimita ya mraba. Matokeo yakionyesha kwamba zege lenye majivu limelingana na zege la kawaida, mwanafunzi hufurahi, huandika makala na kuituma.

Mhakiki makini huanza kazi pale furaha ya mwandishi inapoishia. Atauliza kwanza pumba zilichomwa katika joto gani, kwa sababu zikichomwa katika joto la wastani silika hubaki katika hali isiyo na mpangilio wa fuwele na huwa tayari kuungana na chokaa, lakini joto likizidi sana silika hujipanga kuwa fuwele na majivu hugeuka kuwa kitu kisichoungana nayo kwa urahisi, karibu sawa na mchanga laini. Na makala nyingi za wanafunzi husema tu kwamba pumba zilichomwa. Atauliza ni vipande vingapi vilivunjwa kwa kila mchanganyiko, kwa kuwa kipande kimoja hakithibitishi kitu, na vitatu ndiyo mwanzo wa kupata wastani na kujua majibu yametawanyika kiasi gani. Atauliza kuhusu maji: majivu haya hunyonya maji, na fundi anayeona zege limekuwa gumu kumiminika ataongeza maji ili lifanye kazi, na maji yakizidi nguvu hupungua, hivyo bila kujua uwiano wa maji na saruji haijulikani kama tofauti iliyoonekana imeletwa na majivu au imeletwa na maji. Kisha atauliza swali ambalo humshtua mwanafunzi zaidi ya yote: saruji iliyotumika ilikuwa ya aina gani? Saruji ya daraja la 32.5 inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi mara nyingi huwa tayari imechanganywa kiwandani na pozolana au unga wa mawe, na anayeipunguza zaidi kwa majivu anapima mchanganyiko juu ya mchanganyiko, huku akidhani anapima saruji tupu.

Maswali hayo manne, yakiandikwa kwa uvumilivu katika kurasa mbili, humfundisha mwanafunzi jambo ambalo mihadhara ya muhula mzima huenda isimfundishe, yaani kwamba kupata namba na kuwa na uthibitisho ni mambo mawili tofauti. Lakini lugha ya ripoti ina uzito sawa na maudhui yake. Mhakiki aliyezoea majarida ya maprofesa huandika kwa ukali wa watu wanaojuana, na ukali huo ukimfikia kijana wa mwaka wa tatu ambaye hajawahi kukataliwa, humfanya aache kuandika. Hapo ndipo mhariri wa jarida la wanafunzi anapokuwa na kazi isiyokuwepo katika majarida mengine: hana ruhusa ya kupunguza ukweli wa ripoti, lakini ana wajibu wa kuipanga upya, kutenganisha kosa linaloizuia makala kuchapishwa na kasoro inayoweza kurekebishwa kwa siku moja, na kumwonyesha mwandishi aanze wapi. Mhariri anayepeleka ripoti kama alivyoipokea ametimiza taratibu tu, na mwanafunzi hajalelewa.

Nyuma ya kila jedwali la matokeo, tena, kuna mtu ambaye utaratibu wa kitaaluma umezoea kumsahau kabisa, naye ni fundi sanifu wa maabara. Huyu ndiye anayejua kwamba mashine ya kuvunjia zege inahitaji kukaguliwa usahihi wake, kwamba kipimo fulani husoma juu kidogo asubuhi kabla hakijapata joto, na kwamba kikundi cha mwaka uliopita kilijaribu jambo hilohilo kikashindwa. Historia ya sayansi nchini Tanzania ina ushahidi mzuri wa nafasi yake. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona kwamba maziwa ya aiskrimu aliyoyaweka kwenye jokofu yakiwa ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyowekwa baada ya kupoa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na wenzake wakamfanyia dhihaka. Miaka michache baadaye, akiwa Shule ya Sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilelile Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, aliyefika shuleni kutoa mhadhara. Osborne hakuamini, lakini hakulipuuza swali. Aliporudi Dar es Salaam alimpa fundi sanifu kazi ya kulijaribu. Fundi aliripoti kwamba maji yaliyoanza yakiwa ya moto yameganda kwanza, na akaahidi kuendelea kurudia jaribio mpaka lipatikane jibu lililo sahihi, maneno ambayo Osborne aliyaweka wazi katika makala yao, nayo yanaonyesha jinsi imani ya zamani inavyoweza kumfanya mtu aukatae ushahidi ulio mbele ya macho yake. Makala hiyo ilichapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, ikiwa na majina ya Mpemba na Osborne pamoja.

Wanafizikia bado wanabishana juu ya jambo hilo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 na watafiti wa Uingereza haukupata ushahidi wa kutosha kulithibitisha, na wengine wameendelea kulitetea kwa majaribio mengine. Ubishi huo hauipunguzii makala ya mwaka 1969 thamani yake kwa mada ya leo. Kilichofanyika ni kwamba msomi mwenye cheo alichukua swali la mwanafunzi wa sekondari, akalipeleka maabara, akaandika pamoja naye, na akaliweka jina la kijana huyo mahali ambapo dunia ingelikuta. Fundi aliyefanya jaribio la kwanza anatajwa katika simulizi kwa cheo chake tu, bila jina, na pengo hilo linaonyesha vizuri desturi ambayo majarida ya wanafunzi, kwa kuwa ni mapya na hayajafungwa na mazoea, yana nafasi ya kuivunja.

Mhadhiri msimamizi naye ana sura mbili. Sura ya kwanza inaonekana katika kisa kinachojulikana sana cha Robert Fano, profesa wa MIT, ambaye mwaka 1951 aliwapa wanafunzi wa darasa lake uhuru wa kuandika makala badala ya kufanya mtihani wa mwisho. Tatizo alilowapa lilihusu namna ya kuziandika alama za ujumbe kwa tarakimu chache kadiri inavyowezekana, ili zinazotokea mara nyingi zipate misimbo mifupi na zinazotokea kwa nadra zipate mirefu. Fano hakuwaambia kwamba yeye mwenyewe, pamoja na Claude Shannon, mwasisi wa nadharia ya habari, walikuwa hawajapata njia iliyo bora kabisa. David Huffman, mmoja wa wanafunzi hao, aliipata, na makala yake ya mwaka 1952 ni msingi wa mbinu ambayo hadi leo hutumika ndani ya programu za kubana mafaili na ndani ya picha za JPEG. Fano aliiacha kazi ibaki ya mwanafunzi wake, na jina lake halimo katika orodha ya waandishi. Sura ya pili ni ya msimamizi anayetanguliza jina lake katika kazi asiyoigusa, au anayeuchukua mradi wa mwaka wa mwisho wa mwanafunzi na kuuwasilisha mahali pengine akiwa mwandishi mkuu. Jarida lenye wahariri imara hulizuia jambo hilo kwa kudai tamko la maandishi linaloeleza kila mmoja alifanya nini: nani alibuni swali, nani alifanya vipimo, nani aliandika rasimu. Mwanafunzi hana nguvu ya kudai haki hiyo peke yake mbele ya mtu anayempa alama, kwa hiyo mhariri ndiye anayepaswa kuidai kwa niaba yake.

Kwamba swali la mwanafunzi linaweza kuwa na uzito wa maisha ya watu kunaonyeshwa na jengo la Citicorp, mjini New York, lenye ghorofa 59, lililokamilika mwaka 1977. Kwa kuwa kanisa lilikuwa na haki ya kubaki katika pembe moja ya kiwanja, nguzo za jengo hazikuwekwa kwenye pembe bali katikati ya kila upande. Mwaka 1978, Diane Hartley, mwanafunzi wa uhandisi wa Princeton aliyekuwa akiandika tasnifu ya shahada ya kwanza chini ya profesa David Billington, alipiga hesabu za upepo unaolipiga jengo kwa mshazari, akaona nguvu zake ni kubwa kuliko zilivyoelezwa, na akaiuliza kampuni iliyolibuni. Alijibiwa kwamba jengo lilikuwa salama. Mwaka huohuo William LeMessurier, mhandisi mkuu wa muundo, aliyapitia upya mahesabu baada ya kuambiwa kuhusu swali la mwanafunzi, akagundua pia kwamba viungo vya chuma vilifungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa kikamilifu, na kwa wiki kadhaa mafundi walichomelea mabamba ya chuma usiku ili kuviimarisha. Umma haukuambiwa hadi mwaka 1995, jarida la The New Yorker lilipoieleza habari hiyo bila jina la mwanafunzi. Mtu mwingine, aliyekuwa mwanafunzi huko New Jersey wakati huo, alieleza baadaye kwamba ni yeye aliyezungumza na LeMessurier kwa simu, na wahandisi waliohesabu upya miaka mingi baadaye wamejadili kama upepo wa mshazari ndio uliokuwa hatari kuu. Lililo wazi ni kwamba tasnifu ilikuwa na swali sahihi, ikawekwa kwenye rafu, na hapakuwa na utaratibu uliomlazimu mtaalamu yeyote wa nje kuijibu kwa maandishi. Utaratibu huo ndio jarida, na ndio kazi ya mhakiki na mhariri ambao msomaji hawaoni.

Katika Afrika Mashariki rafu za namna hiyo zipo kila penye kitivo cha uhandisi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha uhandisi mwaka 1973, na tangu hapo kila mwaka wahitimu wake, kama wenzao wa Nairobi na Makerere, wameandika miradi ya mwisho juu ya pampu za maji, barabara za vumbi, majiko, umeme wa jua, zege na mitambo midogo ya kusindika mazao. Jarida la wahadhiri lilikuwepo Dar es Salaam, likiitwa Uhandisi Journal, nalo sasa linajulikana kama Tanzania Journal of Engineering and Technology. Lakini jarida la wahadhiri haliwezi kubeba kazi za wanafunzi wa shahada ya kwanza kwa wingi, wala halikuundwa kwa ajili ya kuwalea. Gharama ya kuchapisha si kikwazo kikubwa kama ilivyokuwa enzi za karatasi, kwa kuwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ipo programu huria ya kuendeshea majarida, Open Journal Systems, iliyotokana na mradi ulioanzishwa mwaka 1998 na John Willinsky katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, na majarida mengi ya Afrika huitumia bila kulipia leseni. Mwaka huohuo wa 1998 ulianza pia mpango wa African Journals Online, ambao tangu mwaka 2005 makao yake yako Afrika Kusini, nao huyakusanya majarida ya bara hili mahali pamoja ili yatafutike.

Kinachohitajika zaidi ya programu ni watu wawili. Wa kwanza ni mkutubi, ambaye huisajili makala ipate kitambulisho cha kudumu cha kidijitali, yaani namba isiyobadilika hata anwani ya tovuti ikibadilika, na ambaye humwonya mwanafunzi dhidi ya majarida ya kilaghai yanayomwomba pesa na kumwahidi kuchapishwa ndani ya siku tatu bila uhakiki wowote. Aliyelitangaza tatizo hilo duniani alikuwa mkutubi, Jeffrey Beall wa Chuo Kikuu cha Colorado, ambaye orodha yake ya majarida ya kutiliwa shaka ilisomwa kila bara hadi ilipoondolewa mwaka 2017. Wa pili ni mhariri mwanafunzi wa mwaka wa kati, wala si wa mwaka wa mwisho, anayekaa karibu na mhariri mkuu kwa mwaka mzima kabla ya kushika nafasi yake. Bodi nyingi huwachagua wanafunzi wa mwaka wa mwisho kwa sababu ndio wenye maarifa zaidi, kisha mwezi wa mahafali huondoka na nywila, orodha ya wahakiki, na kumbukumbu ya makala zilizokuwa njiani. Makabidhiano ni kazi ya uhariri sawasawa na kusahihisha sarufi, na inapaswa kuwa na tarehe yake katika ratiba ya jarida, na kitabu chake cha kuandikia.

Wahakiki wa nje, kwa upande wao, wanaweza kupatikana kwa wingi zaidi ya inavyodhaniwa. Wahandisi waliosajiliwa na bodi za taaluma, wanaofanya kazi katika wakala wa barabara, mamlaka za maji na kampuni za umeme, wanajua mambo ambayo mhadhiri huenda hakuyagusa tangu alipohitimu, na wengi wangekubali kusoma muswada mmoja kwa mwaka kama wangeombwa kwa barua rasmi na kama kazi yao ingehesabiwa katika mafunzo endelevu ya taaluma. Jarida likichapisha mwishoni mwa mwaka orodha ya waliohakiki, bila kuonyesha nani alihakiki makala ipi, mhakiki hupata ushahidi wa kazi yake na usiri wake hulindwa.

Na kwa kuwa matokeo ya miradi ya wanafunzi yanawahusu fundi wa zege, mkulima wa mpunga na mwenye mashine ya kukoboa, ikisiri ya Kiswahili, yaani muhtasari wa maneno mia mbili hivi juu ya swali, njia na jibu, ingefaa iwekwe juu ya kila makala iliyoandikwa kwa Kiingereza, ikisahihishwa na mhariri kwa uangalifu uleule wa makala yenyewe. Hilo litahitaji muda na mtu anayeimudu lugha. Lakini suala la kumtambua fundi sanifu halihitaji bajeti wala kikao cha seneti ya chuo. Linahitaji mstari mmoja katika mwongozo wa waandishi, unaoagiza kwamba kila makala yenye vipimo vya maabara itaje kwa jina na cheo mtu aliyeitayarisha mashine na kuusimamia upimaji, baada ya kumwomba idhini yake, na kwamba makala isiyo na mstari huo irudishwe kwa mwandishi kabla ya kupelekwa kwa mhakiki.